Kofia ya Saa Ishirini na Tatu

Baba Bosi,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, pasha mwenyewe. Nguo za mtoto uzianue, mawingu yameshatanda.

Asubuhi nilikuuliza tuchague upasuaji gani, ukajibu "wowote tu" huku unafunga kamba za viatu. Wowote! Mifupa ya kichwa cha mwanao imeungana kabla ya wakati, nawe unajibu kama nimekuuliza rangi ya pazia.

Tukisubiri afikishe miezi kumi, watampasua kutoka sikio hadi sikio na kumwongezea damu. Akipasuliwa sasa, na miezi yake mitatu, kidonda kitakuwa kidogo, ila baadaye atavaa kofia ngumu ya kurekebisha umbo la kichwa saa ishirini na tatu kwa siku, kwa miezi mingi.

Nimechagua kofia. Nimechagua peke yangu, nikijadiliana na sufuria. Mimi na Bosi tumekwenda kumwambia daktari.

Usitie komeo mlangoni, ufunguo ninao.

Kila siku atavuliwa kofia kwa saa moja tu, aogeshwe. Ndiyo saa pekee ya kumpapasa kichwa. ~~Hiyo ni yangu.~~ Uwe unawahi kurudi, tugawane.

Mama Bosi