Chakula Kinachokimbia na Chakula Kinachotembea

Kaplong,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Barua hii ikufikie ukiwa umekaa chini, na Violet awe amenawa mikono kabla ya kukusomea, maana namjua dadangu. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Ng'ombe alizaa? Sisi huku Kaplong tuko salama. Mvua inanyesha kila alasiri, majani ya chai yanachipuka kuliko tunavyoweza kuyachuma, na Kibet anakusalimu sana. Ningepiga simu, lakini wewe simu unaishika mbali na sikio halafu unalalamika kwamba sisikiki. Nimeona afadhali niandike.

Mimba inaendelea vizuri. Hilo ulijue kwanza ndio usikie mengine ukiwa umetulia. Lakini kliniki walinipima damu wakasema nina sukari, ile inayowashika wengine wakiwa wajawazito na mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Nilipoambiwa hivyo nilimfikiria Baraka tu. Unakumbuka vile watu walikuwa wakilisifu tumbo langu, ati naleta mwanamume wa kubeba magunia, kumbe mtoto alikuwa amekua mpaka akakwama mabegani, tukamzika bila kusikia sauti yake. Nilimweleza nesi habari za Baraka. Akasema huenda ilikuwa sukari hii hii, ingawa sasa hakuna wa kujua. Kwa huyu wa sasa, alisema, sukari ikishuka mtoto atakua kwa kiasi chake. Ikikataa kushuka kwa chakula, nitaanza kudungwa insulini, na hiyo si adhabu, ni dawa. Naogopa, mama. Nikiamka naogopa, nikichuma chai naogopa. Lakini wewe unanijua, hata nikiogopa lazima niulize maswali.

Nilianza kwa kuacha sukari kwenye chai. Hiyo ilikuwa kazi, maana huku mtu akikutembelea ukampa chai isiyo na sukari, atadhani umemchoka. Nikaacha pia mandazi. Badala yake nikawa nakunywa uji mwepesi wa wimbi, vikombe viwili vikubwa asubuhi, kwa sababu wimbi ni chakula cha wagonjwa na wazazi. Ugali niliuacha ulivyo, ule mlima wetu wa nyumbani, maana ugali ukiuonja hauna sukari. Wiki iliyofuata nikarudi kliniki nikijisifu. Nikapimwa. Sukari ilikuwa imepanda.

Nilikasirika kabisa. Nikamwambia nesi, "Mimi sijagusa sukari hata chembe, hiyo mashine yenu iangalieni vizuri." Nesi akacheka, akavuta kiti. Akasema karibu kila mwanamke wa huku hufanya hivyo hivyo, anafukuza sukari ya kwenye kikombe na kusahau ile inayotoka kwenye sahani. Ugali, viazi waru, mkate, uji, vyote tumboni vinageuka sukari. Tofauti ni mwendo. Kuna chakula kinachokimbia hadi kwenye damu na kuna kinachotembea. Wataalamu wamevipima wakavipanga, na mpango huo unaitwa glaisemiki indeksi. Uji mwepesi wa unga laini unakimbia sana, kwa sababu kinu kimeshalifanyia tumbo kazi yake. Maharagwe yanatembea. Ndizi mbichi ya kupika inatembea, ikiiva inaongeza mwendo. Tena akaniambia kitu kilichonishangaza: kiazi kitamu kilekile ukikichemsha kinatembea, ukikichoma kwenye makaa kinakimbia. Kiazi kimoja, mama! Nikamuuliza kwa nini, naye akaniuliza kama nina siku nzima.

Akaniazima kamashine kadogo ka kutoboa kidole. Basi hapo ndipo nyumba hii ilipoingia wazimu. Napima kabla ya kula, napima saa mbili baada ya kula. Kibet anasema vidole vyangu vimekuwa chujio. Waru za Londiani zilizopondwa moto moto, sukari juu. Waru zilezile zikachemshwa, zikapoa, zikachanganywa na maharagwe na kabichi, sukari ikakaa kitako. Mimi nafurahia mambo haya kuliko nilivyofurahia shule.

Mama mkwe, tunayemwita Bot Kibet, yaani mama yake Kibet, hakufurahia. Alikuwa amekaa jikoni akinitazama nikijitoboa, akasema, "Hii mashini yako inajua chakula kushinda mimi? Nimelea watoto saba na hakuna mwenye alitobolewa kidole." Nikamwambia hapana, Mama, inajua damu tu. Akasema, "Basi iulize juu ya mursik."

Sasa hapo alinishika. Mursik ni yale maziwa yao ya kuganda, wanayoyaweka kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Tangu niolewe huku nimekuwa nikiyakwepa kwa adabu. Ugali ukiletwa mimi naomba chai ya kuteremshia, kama tulivyozoea kwetu, na wote walijua ndivyo Waluhya tulivyo. Nikakiri siwezi kuiuliza, maana mursik sinywi. Bot Kibet akaniangalia. "Ulikuwa unatoroka," akasema. Nikasema ndiyo, nilikuwa natoroka. Akacheka mpaka akafuta macho na kitambaa cha kichwa.

Nilirudi kwanza kumuuliza nesi. Akasema sawa, ila maziwa yachemshwe vizuri kabla ya kuingia kibuyuni, kwa sababu ya mimba. Bot Kibet akachukia kuulizwa, akasema yeye huchemsha siku zote, lakini nilimwona siku hiyo akiyaacha motoni mpaka yakamwagika. Yalipokuwa tayari, akanipakulia yeye mwenyewe. Kwanza mboga ya saga, bakuli zima, nile nimalize. Kisha ugali wa unga wa posho usiochekechwa, kipande cha ngumi yangu. Nikamwambia huu ni wa kuonja, akasema, "Huo ndio wako." Kisha kikombe cha mursik. Mama, kile kinywaji kina uchachu wa kukunja uso na harufu ya moshi, lakini nilikunywa.

Baada ya saa mbili tulikaa watatu, mimi, Kibet na mama yake, tukiizunguka ile mashine. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kula ugali na sukari isipande juu ya pale nesi alipoweka mpaka. Bot Kibet alinyoosha kidole chake, akataka apimwe pia. Yake ilikuwa nzuri kabisa, na tangu hapo amewatangazia wanawake wote pale kituo cha kupeleka majani ya chai.

Nesi amenionya nisidhani kibuyu ni dawa. Anasema ni mboga kwanza, ugali kidogo, unga usiochekechwa, na uchachu unasaidia kupunguza mbio. Nikila mlima hata mursik haitaniokoa. Juzi walinipima tumbo kwa picha. Mtoto ana kiasi chake. Nilimwomba daktari arudie kusema, akarudia. Nitajifungulia hospitali, hilo halina mjadala, na bado napima kila siku. Nilitoka pale nikalia nyuma ya ukuta wa kliniki, na Kibet akalia kunishinda.

Violet ameniambia unajiandaa kuja na mkebe wa glukosi na mkungu wa ndizi mbivu. Uje, mama, nakungoja sana. Glukosi uiache. Ndizi uzilete zikiwa mbichi kabisa.

Nisalimie Baba. Nisalimie Shangazi Rasoa, aliyenifundisha kusonga ugali, umwambie sijausahau, nimepunguza tu. Nisalimie mwalimu wa kwaya, na mjomba Enosi wa kinu, umwambie anisagie unga bila kukoboa. Bot Kibet anakuita dada, anasema kitanda chako kimetandikwa.

Neno la mwisho, Violet usiliruke. Nesi ameniuliza kama mama yangu ana sukari, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutembea na ukoo. Nilitaka kusema hana. Kisha nikakumbuka ulipokuja Krismasi, jinsi ulivyokuwa ukimaliza jagi la maji ukaomba lingine, na kila saa uko njiani kwenda choo. Nikamwambia sijui. Mama, kabla ya kufunga mizigo, nenda zahanati unyooshe kidole. Baraka hukupata hata kumbeba, na huyu nataka umbebe mpaka atembee mwenyewe.

Binti yako anayekupenda,
Phanice