Mwezi Niliouona Nikanyamaza

Ndugu yangu Salehe,

Mie sasa nina miaka sitini na nane. Nimemuona Mjerumani akija na nimemuona akiondoka, nimerudi mzima kutoka vitani nilikobebeshwa mizigo, nimezika wake wawili, na meno yangu ya mbele yote ninayo. Herufi nimejifunza ukubwani, kwa ubishi tu, kwa hiyo usinicheke mistari ikipanda. Barua hii siitii kwenye bahasha. Watu wote wa Mtoni waisome.

Unaikumbuka kamera yangu, lile sanduku jeusi aliloniachia Mzungu niliyempikia. Nani mwingine huku alikuwa na kamera? Hakuna. Nilikupiga picha na kanzu yako mpya, ukakaza uso kama karani wa boma, kisha ukasema, "Kaka, hilo sanduku likitaga yai, niite."

Jioni ile ya ishirini na tisa Ramadhani nilikuwa nimeapa barazani kwamba nitaupiga picha mwezi wa Idi, watu waache kubishana kila mwaka. Tulikwenda wawili tu, nyuma ya mashamba ya muhogo. Kinu ulikibeba wewe begani. Nikakipindua, nikaliweka sanduku juu yake.

"Ule pale, Kaka. Kushoto kwa mnazi uliokatika kichwa."

Niliinua macho nikauona, Salehe. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Nikafungua jicho la kamera, nikabana pumzi, nikahesabu hadi kumi. Ulinong'ona nisitikisike. Furaha tuliyorudi nayo sijaipata tena.

Msikitini Imamu akauliza. Ukasema, "Tumeuona, mie na kaka." Akanigeukia. Na mie, kwa kiburi changu, nikajibu, "Nimeupiga picha. Subirini ioshwe."

"Picha haitoi ushahidi. Umeuona kwa macho yako, ndiyo au siyo?"

"Nimesema subirini picha."

Ukanivuta mkono wa kanzu. "Kaka, sema tu."

Sikusema. Nilitaka waiamini kamera, waje kwangu kila mwaka. Imamu akatikisa kichwa. Mwezi wa kufungulia, akasema, unataka mashahidi wawili, na hapa yupo mmoja. Kesho tunafunga.

Kesho yake ulikula muhogo wako uani, kimya kimya, maana aliyeuona mwezi hafungi siku ya Idi. Jirani akachungulia. Kufika alasiri watoto walikuwa wanakufuata njiani, "Kobe huyo, mla mchana." Ukaniambia, "Acha waseme. Picha ikija watanyamaza."

Siku ya tano nikaifuata picha mjini kwa Muhindi aliyeiosha. Akanipa karatasi nyeusi tupu. "Sanduku hii ya jua, bwana," akasema. "Jua ikizama haioni kitu."

Jioni akaja baba yake Mwanahawa, aliyekuwa amekwisha kuikubali posa yako, pamoja na wazee wawili.

"Picha imetoka?"

"Imetoka."

"Mwezi umo?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unanitazama. Nikasema, "Kamera yangu haikuuona."

Basi. Hayo tu. Sikusema kama mie niliuona, nisije nikachekwa na sanduku langu. Mzee yule alikuangalia akasema hamwozeshi binti yake kwa kobe tena mwongo, akatoka.

Uliondoka na robota moja la nguo kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Hukuniaga. Mwaka wa tatu akaja Mnyamwezi mmoja na kofia yako. Alisema homa, siku nne, wakakuzika wao wenyewe. Sikumuuliza kama ulinitaja. Mie niliyevuka Rufiji chini ya risasi niliogopa jibu la mtu mmoja.

Mpaka leo jina lako likitajwa barazani wanacheka. Nami nimekaa nao miaka yote hii, nakunywa kahawa yao.

Sasa nasema. Niliuona mwezi ule. Hukudanganya. Mwongo wa Mtoni ni mie.

Asiyeamini aende Mwananyamala kwa Mwanahawa. Juzi nilikwenda kwa miguu yangu hii hii, nikamweleza yote mbele ya wajukuu zake. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Alisema, "Nimesikia, shemeji," akaendelea na mchele wake. Huyo ndiye shahidi wangu, kama atakubali kusema.

Pumzika, mdogo wangu.

Mie kaka yako