Rangi ya Minibasi ya Janvier

Papa,

Vile ulivyokuwa mkali kwa mtu yeyote aliyegusa meza yako, acha nianze kwa kukiri: nimeigusa. Nimetumia mkasi wako wa bati, gundi yako nimeimaliza, na ule msumari wa kuchorea uliokuwa unauficha ndani ya soksi nimeupata. Ni miezi minne tangu tukuzike na hakuna aliyebaki wa kunikemea, basi najikemea mwenyewe kwa sauti yako. Wateja wangu wanadhani nimeanza kugombana na cherehani.

Magari yako yote yapo kwenye rafu ya dirishani. Fuso ya makaa yenye taa moja, Land Cruiser ya padri, tingatinga lililokuja kuondoa mawe ya volkano, lori la bia lililoinama upande. Nayapangusa kila Jumatatu kwa unyoya wa kuku, kama ulivyotaka, maana vumbi jeusi la mji huu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Jirani aliniuliza kwa nini siyauzi. Nilimwambia haya si ya kuchezea wala ya kuuza, nikasikia kwamba nimesema maneno yako yaleyale, ikabidi niingie ndani kidogo.

Sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nimefanya kosa, Papa, na wewe peke yako ndiye ungelielewa bila kuelezwa mara mbili.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya kazi. Ulikuwa unapima gari la mtu kwa shubiri likiwa limesimama barabarani, mwenyewe akikutazama kama mwizi. Kisha unarudi nyumbani Keshero, unagawanya kila kipimo kwa ishirini, na makopo ya maziwa yanaanza kukatwa. Matairi yalitoka kwenye kandambili zangu, na kila nilipolalamika ulisema hata miguu yangu inasaidia kazi. Vioo vilikuwa vya chupa za maji, ekseli za mwavuli uliovunjika. Viti nilishona mimi, kwa mabaki ya vitambaa, na ulivikataa mara tatu kwa sababu mshono ulikuwa mnene kuliko wa gari lenyewe. Rangi mbaya tuliisugua kwa jiwe la volkano mpaka bati linang'aa tena. Na kabla ya kufunga paa, kabla ya kukunja vile vijino vinne vya bati vinavyolishika, ulichora ndani yake kwa msumari namba ya gari na mahali ulipoliona. Hakuna mtu angeisoma. Nilipokuuliza faida yake ulinitazama kana kwamba nimeuliza faida ya jina la mtu.

Na kulikuwa na sheria yako moja. Mtoto akiomba umwekee gari bawa, au taa nyekundu za kuwaka, jibu lilikuwa lilelile: "Mimi natengenezaka ile niliona. Haiko ile natamani."

Niliisahau sheria hiyo, Papa. Hilo ndilo kosa.

Minibasi ya Janvier, mdogo wangu, uliitengeneza wiki ileile alipoipata ile kubwa ya barabarani. Ya buluu, mstari mweupe ubavuni, namba nyuma. Wewe mwenyewe, fundi wa bodi, ndiye uliyeiziba ile kubwa mlango wake wa nyuma ulipoliwa na kutu: ukakata kipande kwenye pipa la mafuta, kikatoka na umbo la pasi, na kwa kuwa siku hiyo umeme wa kuchomelea haukuwepo ulikifunga kwa ribiti, misumari ya kuponda kichwa. Ulikuwa nazo tatu. Tundu la nne ulimwambia Janvier utalimaliza akirudi kutoka Rutshuru. Alirudi mara mia na hukulimaliza, na kwenye ile ndogo uliweka ribiti tatu za vichwa vya pini na tundu moja tupu, kwa sababu ndivyo ulivyoona. Mimi nilishona nguo ya usukani, kitenge cha ndege wa manjano, moja kubwa na moja ndogo, ya usukani mdogo kama pete. Na mlango wa dereva wa ile kubwa ulifungwa kwa kuvutwa mara mbili. Tulipousikia mlango ukivutwa mara mbili hapa mbele, mama alikuwa anaweka maji ya ugali motoni kabla Janvier hajabisha hodi.

Miaka mitatu sasa tangu alipopita Rumangabo na abiria wake, njia ya Rutshuru, asifike. Hakuna gari, hakuna mtu, hakuna habari. Mama alikufa akiuliza. Mkewe, Kavira, alibeba watoto akarudi kwao Butembo, si mke wala mjane, kwa sababu ulikataza matanga. "Hatulilie mutu mwenye hatujaona." Watu walikuona mgumu. Mimi nilijua kwamba jioni ulikuwa unaishusha minibasi kutoka kwenye rafu na kuizungusha magurudumu kwa kidole.

Sasa nifike kwenye majuma yako ya mwisho. Ulipoacha kula nilisema ni presha. Ulipoiondoa minibasi dirishani ukaiweka chini ya kitanda, nilisema umechoka kuitazama. Kisha nikakukuta umeisugua rangi yake yote, umefuta namba, na umepaka mlango mmoja na ubavu mmoja kijani. Kijani, Papa. Nikasema ugonjwa umefika kichwani. Nilikuuliza, ukanijibu tu, "Acha, Masika," ukachovya brashi tena. Ulikufa ubavu wa pili haujapakwa.

Siku ya kumaliza matanga yako nilitaka uonekane mzima wa akili mbele za watu. Nikachukua jiwe la volkano, nikasugua kijani chako chote, nikanunua rangi ya kucha ya buluu sokoni Virunga, nikairudisha minibasi ilivyokuwa siku za furaha. Nikaandika namba ya zamani nyuma kwa unyoofu zaidi kuliko ulivyoandika wewe. Nikaiweka dirishani, katikati, mahali pake. Watu walilia walipoiona. Nilijisifu moyoni kwamba nimekufanyia jambo zuri.

Nilitengeneza ile nilitamani.

Jumatano ya juma lililopita nilitoka kununua uzi. Pale njia ya ziwani inapokutana na barabara kubwa, minibasi ya kijani ilinipita polepole kwa sababu ya mashimo. Sikuitazama. Ni mlango wa nyuma ulionitazama mimi. Kipande chenye umbo la pasi, chini ya rangi mpya. Ribiti tatu. Tundu la nne lilikuwa limeingia kutu.

Miguu yangu iliifuata kabla sijaamua. Ilisimama kupakia abiria, nikapita ubavuni kama mtu anayetafuta nafasi, nikaona usukani. Ndege wa manjano wamechakaa, lakini mshono ni wangu, ule mnene. Mikono iliyokuwa juu yake haikuwa ya Janvier. Nilipoinua macho, mwenye mikono alikuwa ananitazama kwenye kioo. Nilimuuliza konda kama wanafika sokoni, sauti yangu ikawa ya kitoto, na nikaondoka bila kusubiri jibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kijani chako. Hukuwa umechanganyikiwa. Uliiona kabla yangu, nawe ukafanya ulichofanya maisha yako yote ukiona gari. Ukaenda mezani.

Nilikukasirikia, Papa. Nakwambia wazi kwa sababu sasa huwezi kunikatiza. Nilikukasirikia siku nzima kwa kubeba jambo hilo peke yako mpaka likakuua, ukaniacha mimi nifute kwa mikono yangu neno la mwisho uliloandika. Kisha nikalia kwa ajili ya Janvier, kwa mara ya kwanza, uso wangu ndani ya gauni la mteja ili majirani wasisikie.

Na minibasi ya buluu ilikuwa bado dirishani. Unaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga. Nilijua yote hayo na sikufikiri kuiondoa.

Jumanne hii, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye cherehani, nilisikia mlango wa gari ukivutwa mara mbili hapa mbele. Moyo wangu ulisimama wima kama mama alivyokuwa anasimama. Nusura niseme jina lake.

Alikuwa yule mtu wa usukani. Si mkubwa, amevaa vizuri, anaongea taratibu. Alisimama dirishani muda mrefu, kisha akaingiza mkono kati ya vyuma na kuweka kidole juu ya ile pasi ndogo. Akahesabu ribiti. Nilimwona midomo ikihesabu.

"Mama, hii kamotoka ni nani alitengeneza?"

Nilimwambia ni papa yangu, na kwamba amekufa.

"Pole. Nilikuwa namuonaka hapa kwa dirisha. Muzee alikuwa na macho muzuri." Akaondoa kidole. "Basi hii rangi nayo ipumuzike. Uiweke vert, kijani kama ile yangu. Samedi nitapita, nitaibeba."

Hakuuliza bei. Hakuuliza jina langu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mtu asiyeuliza jina lako huwa analijua. Akarudi garini, akavuta mlango mara mbili, akaenda.

Ungefanya nini? Kukimbia nilifikiria. Lakini dirisha tupu siku ya Jumamosi lingesema mengi kuliko minibasi. Kwa hiyo nikafunga pazia, nikachukua jiwe la volkano kwa mara ya pili, nikasugua buluu yangu. Mkono uliuma na niliona unastahili. Kisha, kwa kuwa mkopo wa akili zako haujaniishia, nikasema rangi haitakaa vizuri kwenye kingo bila kufungua paa. Kijino kimoja kilikuwa kimekunjwa upya. Nilikuwa nimekiona siku ile ya matanga, nikadhani ni uzee wa bati.

Nililigeuza paa. Namba ya zamani ilikuwepo, na pembeni "Nyumbani", kwa sababu uliiona hapa kwanza. Chini yake, kwa mwandiko uliopinda, namba mpya. "Keshero. Mara tatu. Dereva mwingine." Na chini kabisa, herufi ndogo mpaka nililipeleka mlangoni kwenye jua:

"Janvier alikufa. Masika asijue."

Nimekaa na bati hilo mapajani siku mbili. Wewe uliyekataza tusilie mtu tusiyemwona, ulimlilia huko, kwa msumari, mahali ambapo hakuna mtu angesoma. Na ulidhani sitafungua. Mimi, uliyenifundisha kufungua.

Sasa nikueleze nilichofanya, ili ukikagua kazi usipige kelele. Nimekata paa jipya kwenye kopo la maziwa. Vipimo ni vyako, milimita kwa milimita, na vijino vyote nimevichakaza kwa mchanga ili vyote vionekane vya umri mmoja. Ndani halina mchoro wowote. Nimepaka minibasi nzima kijani, pande zote mbili, safari hii. Nimeandika namba ya sasa nyuma. Pasi ipo, ribiti zipo, tundu lipo, kwa maana alishazihesabu. Ndege wa manjano nimewaacha kwenye usukani. Nilitaka kuwatoa, nikaona hapana. Awabebe na wale, awe anawaona kila akiitazama.

Paa lako nimelishonea mkoba. Unajua mkoba mzuri wa soko una sakafu ngumu kati ya vitambaa viwili. Wanawake wengi huweka katoni. Huu una bati. Nimeupigia mshono mwembamba, ule uliokuwa unautaka, na nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango pamoja na nguo za wateja. Ukiushika hutajua. Kabla ya kuufunga nilichukua msumari wako nikaongeza mstari wangu chini ya wako: "Masika naye ameiona." Mwandiko wangu ni mbaya kwenye bati. Samahani.

Ninaogopa, Papa. Tangu asubuhi nimepiga pasi gauni lilelile mara tatu. Sijui anaitaka minibasi aichome, au ampe mtoto wake, au aitumie tu kupima uso wangu nikimkabidhi. Sijui kama ataingiza ukucha chini ya kijino kimoja na kulitazama bati jipya linavyong'aa kwa ndani. Hilo sikuweza kulizeesha. Nilijaribu moshi wa mshumaa, nikajaribu chai. Wewe ungejua dawa yake, na ndilo swali pekee la kazi ambalo sijalipatia jibu tangu uondoke.

Nikimaliza na mtu huyu, nitakwenda Butembo na mkoba begani, kwa njia yoyote itakayokuwa wazi. Nitaupasua mbele ya Kavira na kumpa asome mwenyewe. Kisha tutakaa chini, tutamlilia Janvier kwa sauti, siku zote zinazotakiwa, na wewe pamoja naye kwa mara ya pili. Hutaweza kutukataza. Na nikirudi nitatengeneza minibasi nyingine, ya kijani, ikiwa na paa lake la kweli, hata kama itabidi ikae chini ya kitanda. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Sitafuta tena ulichokiona.

Lala, Papa. Msalimie mama. Na kama Janvier yuko huko karibu nawe, mwambie tulichelewa tu, hatukumsahau.

Mlango umevutwa hapa nje. Mara moja.

Na mara ya pili. Acha nifunge barua.

Mwanao,
Masika