Siku Niliyosimama kwa Ajili ya Pingili

Quitunda, Jumanne jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, udongo bado unanukia, na mimi siwezi kutulia kitini.

Leo nimezungumza Kiingereza mbele za watu.

Niseme ukweli kwanza. Maneno ya kilimo nilianza kuyakariri kwa shingo upande. Nilitaka Kiingereza cha ofisini, cha kambi ya gesi, nikae mezani nijibu simu. Kitabu pekee nilichopata kuazima kilikuwa cha wakulima. Basi nikajifunza hivyo hivyo: "weeds" ni magugu, "ridges" ni matuta, "seedlings" ni miche, "cuttings" ni pingili za muhogo, zile za kupandia. Nilikuwa nayasema kimoyomoyo nikipalilia, naona haya mama akinisikia.

Asubuhi alikuja mtaalamu wa mihogo, mama mmoja kutoka Malawi. Mihogo yetu msimu huu ukiimenya unakuta ndani imeoza, kahawia tupu. Tukakusanyika kwenye darasa la shule, wengi wanawake. Mtaalamu hajui Kireno wala Kiswahili, kwa hiyo alikuja na mkalimani, kaka mmoja mpole wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si ile ya kisiwani.

Mtaalamu akaeleza. Mkalimani akatugeukia: "Anasema mkate mihogo yote, mkaichome moto."

Mama mdogo Somoe, mdogo wake mama, akasimama. "Tuchome chakula? Tutakula nini mpaka msimu mwingine?" Wenzake wakaanza kujifunga kanga waondoke.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia "cuttings". Sikusikia kukata.

Nikawaza, nikinyamaza hapa, kesho kuna mtu atafyeka mashamba yake yote kwa neno moja. Au hawatafanya lolote, na ugonjwa utabaki pale pale.

Nikasimama. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwuliza mtaalamu: mihogo yote, au pingili tu?

"Only the cuttings," akanijibu. Pingili tu. Akaongeza, polepole ili nimfuate, kwamba ni zile za mashina yanayoumwa.

Nikawageukia wanawake. "Mama zangu, hajasema tuchome mihogo. Shina linaloumwa, pingili zake tusizipande tena, hizo ndizo za kuchoma. Mbegu tutoe kwenye shina lisiloumwa."

Mama mdogo Somoe akakaa. "Hilo nalielewa," akasema. "Mbona hatukuambiwa hivyo tangu mwanzo?"

Mkalimani hakukasirika. Alinisogezea kiti karibu yake, na tulipotoka kwenda kuangalia mashamba aliniachia mimi kazi yote. Nilikwama mara moja tu, kwenye "yield". Nikaomba kurudiwa. Kumbe alikuwa anauliza tunavuna kiasi gani.

Keshokutwa mtaalamu anakwenda Pundanhar na ameniomba nifuatane naye nikawatafsirie wakulima wa huko. Mchana kutwa nacheka peke yangu. Miezi yote ile nilitafuta maneno ya kunitoa shambani, na haya ndiyo yamenipa kazi ya kwanza.

Lakini kinachoninyima utulivu zaidi ni mama.

Tangu tuhamishwe kutoka kijiji chetu cha zamani kupisha mradi wa gesi, shamba tunalolima hapa yeye huliita "la kupewa". Hana neno jingine. Jioni hii amekuja kukaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikitaka kumwambia yule mama mtaalamu kwamba hili ni shamba langu, nasemaje?"

Nikamfundisha. "My farm." Akakosea, akarudia. Sasa yuko jikoni anapepeta mchele, na bado namsikia akijaribu.

Sijawahi kumsikia akiliita lake, kwa lugha yoyote.