Vigelegele vya Njaa

Konstantini,
Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpenzi Nawal,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Farid na watoto, na kwamba baridi ya huko Lyon imeanza kulegea. Huku kwetu mti wa lozi wa jirani umeshachanua. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, naye analisema vibaya kama mtu anayemsema mkwe wake. Baba ni mzima kabisa. Na mimi sijambo, dada, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwa simu wewe hunikatiza, mimi nikaanza kulia, na Mama akaninyang'anya simu mkononi. Kwenye karatasi utanivumilia mpaka mwisho. Tafadhali kaa chini, usome ukiwa peke yako.

Unaikumbuka harusi ya binamu yetu Radiya, ile uliyoshindwa kuja? Wewe uliona picha tu: mimi ndani ya gandura, lile gauni la harusi la mahameli lenye nyuzi za dhahabu. Ulinisifu kwamba nimekuwa kama mshumaa. Na kila mtu alinisifu. Shangazi Zulikha alinishika kiuno mbele ya wageni akapaza sauti, "Haya, siri yako nini? Tuambie na sisi!" Siri yenyewe, dada, ni kwamba nilikuwa naiogopa sahani kama mtu anavyomwogopa mbwa mkali. Siku ile nilizungusha masinia, nikawaambia wageni nimeshakula jikoni, na jikoni nikasema nitakula na wageni. Kabla bibi harusi hajatoka, nilianguka. Nilipozinduka, Mama alikuwa ananinyunyizia maji ya maua ya mchungwa huku analia, "Jicho! Wamemtia jicho mwanangu!"

Ndivyo ulivyoambiwa nawe: jicho, na baadaye ugonjwa wa tumbo. Mama alifukiza shabu nyumba nzima kuliondoa jicho, mpaka Baba akahamia mkahawani. Shekhe aliletwa akanisomea, Mungu amjaalie heri, kisha akamwambia Mama kwamba kisomo atakiendeleza, lakini mtoto huyu apelekwe pia kwa daktari, tena upesi.

Basi nikapelekwa kwa Daktari Huriya, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa maneno mengi. Aliniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu: kwa siku, mawazo ya chakula yanakula muda gani kichwani mwangu? Nikamjibu kwamba hayabakishi kitu. Sijui kwa nini nilisema kweli. Labda kwa sababu aliuliza kama mtu anayeulizia mafua. Akasema huo ni ugonjwa, una jina, na watu wanapona. Kumbe sikuwa mkaidi wala sikuwa na kiburi. Dada, nilitoka mle ndani nikacheka barabarani peke yangu! Miaka yote hiyo nilidhani nimeharibika.

Nilianza kwenda kwake kila wiki. La kwanza alilotaka ni kwamba kila asubuhi nile na mtu mmoja nimpendaye, na mezani pasitajwe mwili wa mtu yeyote. Mama alijitolea, lakini kabla sijagusa mkate alikuwa ameshaanza kulia. Basi Baba akavuta kiti chake. Baba yetu huyu, ambaye maneno yake ya siku nzima yangetosha kuandikwa kwenye tiketi ya treni!

Asubuhi ile ya kwanza kulikuwa na mkate wa kesra wa moto, siagi na asali. Baba hakunitazama. Alitazama dirishani akaanza kunisimulia habari za enzi zake za kufanya kazi reli, jinsi kondoo dume alivyosimama katikati ya njia akakataa kuondoka. Dereva akapiga honi, kondoo akapiga kwato. Dereva akashuka kumbembeleza, akachapwa pembe. Abiria nao wakashuka kuja kupatanisha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na nilipotazama chini kipande changu cha mkate hakikuwepo. Hofu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa nguvu kweli. Baba akabaki nami, tukamenya maharage mabichi bila kusemezana mpaka ikapita.

Sikufichi, si asubuhi zote zimekuwa hivyo. Kuna siku nimeisukuma sahani nikaondoka. Baba husema tu, "Kesho ipo treni nyingine," akanywa kahawa yake.

Ijumaa moja Mama alipika shakhshukha, mikate iliyochanwachanwa ndani ya mchuzi wa nyama, na Shangazi Zulikha akaja. Hata hajakaa vizuri akaanza: "Mtilie nyama huyo, amekuwa mpini wa ufagio!" Baba akaweka kijiko chini. "Zulikha, kwenye meza hii tunazungumza yote isipokuwa miili ya watu." Shangazi akamtazama Mama, akanitazama mimi, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa mimi nitazungumza nini?" Tulicheka, naye akacheka, na nikala. Kidogo, lakini nilikula sahani moja nao.

Ngoja nikupe habari kubwa. Jumanne adhuhuri nilikuwa natoka kazini, nikapita kwa wale watengenezaji wa jawziya, ile halua yetu ya asali. Sufuria ilikuwa motoni, harufu ya asali na njugu imejaa uchochoro mzima, na tumbo langu likanguruma. Likanguruma, Nawal! Nilisimama pale kama mjinga. Nilikuwa nimesahau kwamba njaa inaweza kuja bila hofu, kama mgeni wa kawaida anayebisha hodi. Nilikwenda nyumbani mbio, nikapanda ngazi nikiita, "Mama, nina njaa! Nina njaa!" Mama akapiga vigelegele. Jirani akachungulia kwenye roshani kuuliza nimechumbiwa na nani. Mama akamjibu, "Na chakula cha mchana!"

Dada, sasa shika kiti.

Kabla ya Jumanne hiyo, binti yako Maysa aliniandikia kwenye simu. Aliniomba nimfundishe nilivyofanya mpaka nikawa vile kwenye picha za harusi, na nisikuambie. Moyo ulinipasuka. Nikampigia palepale, nikamweleza yote niliyokueleza wewe, sikupamba kitu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hata wewe unaisikia ile sauti inayokukataza kula, mama mdogo?"

Nilimwambia ndiyo, naisikia, ila siku hizi si kila mara naitii. Nikamwambia pia kwamba siwezi kukuficha, maana wewe ni mama yake, bali achague nani akuambie. Akasema, "Andika wewe. Lakini mwambie asinipigie kelele."

Najua unataka kulia sasa. Mimi, Mungu anisamehe, nina furaha. Mimi nilingoja mpaka nikaanguka sakafuni mbele ya watu. Yeye amesema angali amesimama. Usimuulize ameanza lini. Usimchungulie sahani. Mtafutie daktari wiki hii hii, halafu likizo ikifika mlete kwetu. Baba ameshaanza kukumbuka visa vingine vya reli, na vingine nadhani anavitunga.

Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Shangazi Zulikha anakusalimu na ana mengi ya kusema. Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu.

Maysa aliahidi kuipokea barua hii na kukupa mwenyewe mkononi. Basi anajua unachosoma, na bila shaka yuko karibu, anasikiliza. Weka karatasi chini, dada, umwite.

Mdogo wako akupendaye,
Wasila