Siku Karata Yangu ya Siri Ilipowatazama Watu

Mpwa wangu Tumaini,

Machimbo yote ya Makongolosi yalinyamaza nilipokaa kucheza poka, kwa hiyo swali lako kuhusu mchezo huo limemfikia mwenyewe. Huku Mafinga mke wangu hajambo, ng'ombe kazaa.

Kila mchezaji hupewa karata moja kifudifudi, siri yake. Nne hufuata wazi, moja moja, na kila ikishuka unaongeza dau au unajitoa. Siku ile kopa tano zingeshinda. Mimi nilikuwa na nne wazi. Ile ya siri ilikuwa shupaza, si kopa, takataka tupu. Dau langu: baiskeli.

“Una ya tano, mshenzi wewe!” akasema Sanga, dereva wa lori, akitaka kujitoa.

Mara akaingia mzee wa kanisa, baba wa binti niliyemposa! Nikaruka, nikampa mkono wa kulia, wa kushoto, wenye karata ya siri, nikashika kiwiko kama tulivyolelewa. Karata ikawatazama wote.

“Shupaza!” Sanga akapiga yowe.

Hakujitoa tena. Baiskeli ikaenda.

Mzee akaitazama ikiondoka. “Kamari ni dhambi,” akasema, “lakini huyu kaacha mali kwa ajili ya heshima. Binti nitampa.”

Hivyo ndivyo ninavyosimulia harusini. Wewe tu nakwambia: kwa woga, nilisahau kabisa kwamba nimeshika karata.

Mjomba wako