Naongoza Mgomo wa Kususia Gemu Langu Mwenyewe

Dada mshauri, nakuandikia mapema kwa sababu Ijumaa natakiwa kusema ndiyo mbele ya bosi wangu na hapana mbele ya umma, juu ya jambo hilohilo, kwa mdomo huuhuu mmoja, na sijui nianzie wapi ila nianzie kazini.

Mimi ni mwandishi wa hadithi za magemu ya kompyuta, ofisi yetu iko juu ya duka la matairi, tuko watu wachache, na gemu letu linaitwa Bwawa, limeshatoka sehemu mbili, na katika zote mbili mchezaji anamwongoza mwanamke mmoja, Fundi, anayetengeneza mitambo ya bwawa kubwa huku mdogo wake wa kiume akimfuata na taa, na mwisho wa sehemu ya pili, ambao niliuandika mimi na nikaupigania mimi, Fundi anajifungia chumba cha mitambo ili ayazuie maji kwa mikono yake, mdogo wake anagonga mlango wa chuma, anagonga, maji yanapanda, Fundi hasemi neno, skrini inakuwa nyeusi, basi. Niliuandika nikilia. Wachezaji nao walilia, ila nusu yao kwa hasira, wakasema wamemlea Fundi muda wote ule halafu amewafia bila hata salamu, na mtandaoni wakagawanyika pande mbili, Wafufuaji wanaotaka arudi na Wana-Mlango wanaosema mwisho usiguswe, na matusi waliyorushiana siwezi kuyaandika gazetini.

Ningenyamaza, dada, lakini sikuweza. Nilifungua akaunti kwa jina la Mlango wa Chuma, nikajifanya dereva wa lori anayecheza akiwa mapumzikoni, nikawa namjibu kila aliyeubeza mwisho wangu, kwa hoja, kwa mifano, aya kwa aya, mpaka Wana-Mlango wakanipenda na kunifanya mwenyekiti wao.

Sasa bosi ameamua kuna sehemu ya tatu na Fundi yuko hai. Alituita mezani akasema, "Aamke hospitali, aamke porini, mimi sijali, ilimradi aamke." Nikauliza maji yaliyojaa chumba kizima yameenda wapi. Akajibu, "Wewe ndiye mwandishi, yapeleke." Kisha akaweka ukutani ujumbe wa Mlango wa Chuma, wote, herufi kubwa kama za tangazo la ardhi, akauliza, "Huyu mtu ana sumu. Kuna anayemjua?" Nikasema simjui. Mchoraji wetu akasema huyo dereva anaonekana hana kwao. Nikacheka pamoja nao.

Habari za sehemu ya tatu zimevuja (si mimi, naapa), Wana-Mlango wamekubaliana kuisusia, na tangazo la mgomo litatolewa Ijumaa na mwenyekiti, yaani mimi, na Ijumaa hiyohiyo bosi anataka jibu, niandike Fundi aliyefufuka au kazi apewe mchoraji, ambaye kwake kila hadithi huishia kwa mlipuko. Nikikataa, Fundi ataharibiwa na mwingine. Nikikubali, nitamharibu mwenyewe.

Na nyumbani hakupumziki. Naishi na mama mdogo, mtangazaji wa safari katika kituo cha mabasi, na sauti ya Fundi ni yake, kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kulipa waigizaji. Kila nikiingia ananiambia, "Karibu, muuaji." Abiria vijana wanamtambua kwa sauti tu, wanamfuata dirishani, "Mama, kumbe hukufa!" Hata siku ya kurekodi alinisumbua, tuko ndani ya stoo tuliyoizungushia magodoro, tunasubiri mashine ya upepo ya watu wa matairi inyamaze, yeye ananiuliza, "Sasa mdogo wangu anagonga hivyo, na mimi nakaa kimya? Nina roho gani?" Nikamwambia, "Mama mdogo, ukimya ndio maana yenyewe." Akasema, "Haya, msomi. Maana yako imenikaba koo."

Hakuna anayenielewa, dada. Nifanye nini?

Mlango wa Chuma

JIBU

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili mkono wangu ulikuwa unatafuta sikio lako. Pole kwa uchovu. Huruma imeishia hapo, sasa tuongee.

Dereva wa lori gani anaandika aya kwa aya kuhusu maana ya ukimya? Shukuru hujagundulika. Wale watu wamekuamini, wanakaribia kufanya mgomo kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na wewe umekaa ofisini ukichekea kusemwa kwako mwenyewe. Hiyo siyo kupigania kazi yako, ni kujificha nyuma yake. Kesho asubuhi, kabla hujaweka mkoba chini, mwambie bosi kwamba dereva ni wewe. Atawaka. Mwache awake, usimjibu kwa insha. Huenda akakufukuza, sitakudanganya, lakini akiyasikia kwa mwingine atakufukuza kwa hakika. Kisha waandikie Wana-Mlango kwa jina lako halisi: mimi ndiye niliyeandika mwisho ule, niliwadanganya, nisameheni. Ifunge akaunti. Usirudi kuchungulia wamesema nini. Nakujua, utataka kuchungulia.

Sasa huyo Fundi. Mimi gemu sijawahi kucheza, lakini kufungiwa mlango na mtu ninayempenda nakujua. Bosi wako amekosea: aliyekufa amekufa, na ukimwamsha porini wale waliomlilia watajiona wajinga. Mwambie hivyo, na safari hii umwambie uso kwa uso. Lakini na wewe umekosea, na umekosea tangu ndani ya stoo ya magodoro. Umeniandikia barua ndefu yote hii, na yule kijana wa taa umemtaja akifuata na akigonga, basi. Yuko hai, mdogo wangu! Amebaki nje ya mlango, na wachezaji wako wote wamebaki naye, wanagonga, na hakuna aliyewaambia hata "nenda". Wao wenyewe wamekwambia, bila hata salamu. Wanaomba wafufuliwe mtu kwa sababu hawajui namna nyingine ya kuomba neno moja.

Mpelekee bosi huyo kijana. Sehemu ya tatu iwe yake, na hasira yake yote, amchukie dada yake kama wanavyokuchukia wewe. Na mahali fulani njiani, sauti ya dada imfikie. Kwa njia gani, wewe ndiye mwandishi.

Unasema hakuna anayekuelewa. Alikuwepo mmoja, amesimama mbele ya maikrofoni, alikuuliza swali la maana kuliko mengine yote, ukamjibu kama mwalimu. Leo mama mdogo akirudi kutoka kituoni, mpe kiti, funika kompyuta, umuulize: siku ile, ungeruhusiwa kusema, ungemwambia nini huyo mdogo wako mlangoni?

Kisha kaa kimya wewe.